Kelele za jirani kwenye ploti: jua kwanza zinapitia wapi

Hamjambo watu wa nyumbani. Salamu zenu Kisumu, Nakuru, Kakamega, Eldoret, na kila mtaa ambao ghorofa zimepanda mahali palipokuwa na mahindi. Naongea nanyi kutoka Leipzig, Ujerumani, na mada ya leo ni kelele za jirani. Nataka video hii ikusaidie leo hii jioni, kwa hivyo shika kalamu.

Mpangaji akikosa usingizi, swali lake la kwanza huwa "ni nani huyo?" Naomba tuanze na swali lingine: kelele zinapitia wapi? Jengo la zege hudanganya masikio. Slabu, yaani sakafu ya zege, nguzo na kuta zimeshikana, zikawa kitu kimoja. Mtu wa ghorofa ya tatu akiburuta kiti cha chuma, wa ghorofa ya kwanza anaweza kusikia kana kwamba kiko juu ya kichwa chake. Anapanda ngazi, anamgongea mama wa ghorofa ya pili aliyekuwa amelaza watoto, na ujirani unakufa hapo hapo, tena kwa kosa la mtu mwingine. Kabla hujagonga mlango wowote, kelele zikianza panda ngazi polepole na keateka, simama kila mlango dakika moja, usikilize. Rudia usiku mwingine. Mkikubaliana nyote wawili kuhusu mlango, hapo una la kusema.

Sasa njia zenyewe. Maongezi, televisheni na kilio cha mtoto husafiri hewani. Zege la sentimita 15 huzizuia vizuri, kwa hivyo ukisikia jirani anaongea na ukafuata hata maneno, usilaumu ukuta, tafuta tundu. Angalia chini ya mlango wa chuma: ule mwanya wa kidole unapitisha sauti nyingi kuliko ukuta wote uliobaki. Raba ya kubandika kuzunguka fremu, na kipande cha raba nzito chini ya mlango, vitapunguza maongezi ya koridoni na mlio wa chuma mlango ukifungwa. Kisha angalia soketi. Mafundi wengi hutoboa ukuta wa kugawa nyumba pande zote mbili mahali pamoja, soketi yako ikapeana mgongo na ya jirani, na katikati imebaki plasta nyembamba tu. Dawa yake ni fundi wa stima azime umeme kwenye meni, atoe kisanduku, azibe nyuma kwa mota ya saruji na mchanga, akirudishe. Usijaribu mwenyewe.

Ghorofa ya juu kabisa ina siri yake. Kwenye nyumba nyingi za mabati, ukuta unaogawa nyumba mbili unaishia kwenye silingi, haufiki kwenye mabati. Unaona ukuta mzima, kumbe juu ya silingi ni uwanja mmoja. Sauti inapanda kwako, inavuka hewani, inashuka kwa jirani. Hapo hata mkinong'ona mtasikiana, na hakuna kati yenu mwenye makosa. Mwenye deni ni landilodi: aupandishe ukuta hadi mabati na auzibe kwa mota hadi pembeni. Pengo la sentimita mbili likiachwa, kazi yote imepungua nguvu.

Watu wa Nakuru mna bahati ya baridi, madirisha hufungwa usiku. Kisumu kwenye joto huwezi kumwambia mtu wa Migosi au Nyalenda afunge dirisha alale kama samaki ndani ya sufuria. Kule jitihada iwekwe kwenye chanzo cha kelele, na kwenye mpangilio wa chumba: kitanda kihamie ukuta ulio mbali na dirisha na mbali na ngazi. Pazia zito linapunguza mwangwi ndani ya chumba chako lakini halizuii kelele za nje, msidanganywe dukani.

Njia ya pili ni kugonga: visigino, kinu, kukata nyama juu ya sakafu, beseni linaloburutwa, mtoto anayerukaruka. Zege lililo zuri kwa maongezi halifai kitu hapa, kwa sababu taili imebandikwa moja kwa moja juu yake, na kila pigo linaingia mwilini mwa jengo. Mtu wa chini hawezi kujikinga na hili. Kubandika sponji kwenye silingi yake ni kutupa pesa. Tiba iko juu, na ni rahisi. Nunua tyubu kuukuu ya baiskeli kwa fundi, kata vipande, vifunge kwenye miguu ya viti na stuli, na uvibadilishe vikitoboka. Kinu kiwekwe juu ya mkeka wa raba uliokunjwa mara mbili, karibu na kona ambako slabu imeshikwa na nguzo, si katikati ya chumba ambako inacheza. Zulia jembamba juu ya taili husaidia kidogo. Weka raba au blanketi nzito chini yake uone tofauti. Godoro jembamba la sponji halifai kuwekwa chini ya zulia, linalala bapa baada ya wiki chache.

Na ya tatu, ambayo ndiyo huleta ngumi: besi ya wufa, ile spika kubwa ya sauti nzito. Hapa nitakaa kidogo. Sauti nyembamba hufa ukutani, lakini besi inautikisa ukuta wenyewe. Jirani hasikii wimbo, anasikia dum, dum, dum kifuani, na mwenye redio anaapa kwamba sauti iko chini. Wote wawili wanasema kweli. Wufa ikiwekwa sakafuni kwenye kona, kona inaiongezea nguvu na sakafu inaipeleka kwa wa chini. Itoe kwenye kona, itoe kwenye ukuta mnaogawana, iweke juu ya raba nene, kisha upunguze kitufe cha besi kabla hujagusa sauti.

Halafu fanyeni hivi, na ninawasihi mjaribu. Iwe saa tatu usiku, si mchana. Mchana bodaboda na matatu zinafunika kelele, mtaweka alama ya juu kupita kiasi. Jirani mmoja akae kitandani kwake, mlango umefungwa. Mwingine asimame kwenye redio, mpigiane simu. Aweke wimbo wenye besi nzito, apunguze besi kwanza, kisha sauti, pole pole, hadi wa kitandani aseme "sasa sisikii." Hapo hapo bandika kipande cha selotepu kando ya kitufe; kama ni rimoti, andika namba inayoonekana kwenye kioo. Kuanzia saa mbili usiku, mkono usipite alama ile. Makubaliano ya "punguza kidogo" huvunjika kwa sababu kidogo cha mmoja si kidogo cha mwenzake. Selotepu haibishani.

Kwa nini nimesema saa mbili? Kwa sababu ndiyo sheria ya Kenya. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za 2009, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wengi hudhani ni saa nne. Hapa Ujerumani utulivu wa usiku huanza saa nne, na Jumapili nzima hakuna kupigilia misumari. Usiku wa kanuni zetu unatangulia. Ndani ya nyumba ya kuishi kiwango cha juu ni desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 45 mchana na 35 usiku. Nje ya nyumba ni 50 mchana, na mitaa yenye maduka na burudani ni 55, lakini usiku kote huko inarudi 35. Thelathini na tano ni kimya kweli. Friji kuukuu yaweza kuipita. Kwa hivyo usimkimbilie jirani na namba 37 kwenye simu. Kanuni hizo zinatazama pia kama kelele hujirudia, ni saa ngapi, kama zimeongezwa nguvu na mashine, na kama zingeweza kuzuiwa bila gharama kubwa. Wufa ya kila usiku inaangukia yote manne. Mtoto mchanga anayelia hayumo, huyo mvumilieni.

Ukitaka kupima, NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ina programu ya bure kwa iPhone. Simama katikati ya chumba, funga dirisha, zima feni, pima dakika kumi, usome wastani, si kilele. Ujue pia kwamba kipimo cha kawaida cha dBA, yaani desibeli zinazofuata usikivu wa sikio, huipunguzia besi uzito, kwa hivyo namba yaweza kuwa ndogo na kifua bado kinatikisika. Kinachosaidia zaidi ni daftari. Huku wapangaji huandika kumbukumbu ya kelele kabla ya kumdai mwenye nyumba chochote, na ni desturi nzuri ya kuiga: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, aina ya kelele, ulikuwa chumba gani, dirisha lilikuwa wazi au la. Wiki mbili zinatosha.

Ukienda kuongea, nenda mchana, Jumamosi, bila ushahidi mkononi. Usigonge usiku wa manane ukiwa na hasira, wala usigonge silingi na ufagio. "Hodi jirani. Baba Achieng', samahani kukusumbua. Usiku redio inafika hadi kitandani kwetu. Naomba uje dakika mbili uisikie mwenyewe." Kumwalika asikie kwako ndiyo silaha kubwa kuliko zote, maana hajawahi kuisikia kutoka upande wako. Usianze na grupu ya WhatsApp ya ploti. Mtu aliyeaibishwa mbele ya wapangaji ishirini hawezi tena kupunguza bila kuonekana ameshindwa. Na kumzimia jirani stima kwenye meni ni hatari, na kunakugeuza wewe kuwa mkosaji.

Ikishindikana, mwandikie keateka na landilodi, kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya daftari. Soma mkataba wako. Mingi ina kipengele cha kutosumbua wapangaji wengine. Nyumba zilizouzwa mojamoja chini ya sheria ya 2020 zina shirika la wenye nyumba, na shirika lina kanuni zake. Baada ya hapo ni mzee wa Nyumba Kumi na naibu wa chifu, ambao mara nyingi humaliza jambo kwa kikao kimoja. Baada yao ni ofisi ya mazingira ya kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele, au ofisi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliyo kwenye kaunti yako. Peleka daftari na nakala za barua, uombe nakala yako igongwe muhuri. Mlalamikaji mwenye tarehe kumi na nne zilizoandikwa anasikilizwa tofauti na anayesema "kila siku."

Kuna sauti ambayo haimo kwenye hatua hizi. Ukisikia mtu anapigwa, hiyo si kero ya kuandika daftarini. Piga 1195, laini ya dhuluma za kijinsia, au 116 ikiwa ni mtoto, na uwaite majirani.

Nimalizie na pampu ya maji, kwa sababu landilodi wengi wanaotazama hapa mnajenga mkiwa mbali. Pampu ikifungwa kwa bolti juu ya slabu, kila chumba cha chini kinanguruma maji yakipandishwa saa kumi alfajiri. Weka jiwe la zege chini yake, raba nene kati ya jiwe na slabu, na kipande cha bomba laini la mpira kati ya pampu na bomba gumu. Wengi huweka raba miguuni wakaacha bomba limekazwa ukutani kwa chuma, halafu wanashangaa mngurumo haujaisha. Umehamia kwenye bomba. Vishikio vya bomba navyo viwe na raba. Weka swichi ya kuelea, inayozima pampu tangi likijaa, na taima, tangi lijae kabla ya saa mbili usiku. Na kabla hujamlipa fundi salio, mtu wako awashe pampu wakati mwingine amelala chali sakafuni katika chumba cha kulala kilicho chini yake, simu ikiwa wazi kwako. Akisikia mngurumo, salio libaki mfukoni hadi urekebishwe.