Flores kwa barabara: kisiwa kimoja, gari moja, kikundi kidogo

Habari za jioni jamani, asanteni sana kwa kuja na mvua yote hii. Nimeombwa niongelee safari za vijijini Indonesia, na najua wengi wenu mkisikia Indonesia akili inaenda Bali moja kwa moja, sasa mimi leo Bali naiacha, nataka niwapeleke mashariki zaidi kwenye kisiwa kinaitwa Flores, na kuna jambo moja naliamini kwa moyo wote ndo nataka mlisikie: kama mnaenda watu saba au nane, chukueni kisiwa kimoja na barabara moja muimalize yote kwa gari. Indonesia ina visiwa zaidi ya elfu 17, ukianza kurukaruka na ndege leo hapa kesho kule utarudi nyumbani umeona viwanja vya ndege na mahoteli.

Ukipima kwenye ramani Flores ina urefu wa kama kilomita 360 tu. Lakini barabara yenyewe, ile inaitwa Trans-Flores, kutoka Labuan Bajo upande wa magharibi mpaka Larantuka mashariki inakaribia kilomita 700. Hizo zilizozidi zote ni kona jamani, kona juu ya kona, unapanda mlima unaona bahari, unashuka unaingia kwenye mpunga, unapanda tena. Labuan Bajo mpaka Ruteng ni kama kilomita 130 na mnatumia saa nne, na hapo barabara ina lami nzuri tu, kwahiyo ukikaa Dar ukapiga hesabu za kilomita kama unaenda Morogoro utajidanganya. Mkipanga siku, pangeni kwa masaa.

Na hapo ndo udogo wa kikundi unaonekana faida yake. Mkiwa nane mnaingia kiminibasi kimoja, dereva mmoja, mkiona wanawake wameanika karafuu kandokando ya barabara mnasema simama na gari inasimama, mkiwa thelathini basi kubwa halisimami popote, na hata likisimama mtashuka kama uvamizi, mama wa watu anaanika mazao yake mara kundi zima limemzunguka na masimu. Mkiwa wachache mnamsalimia kwanza, anawapa mkono, mnaongea hata kwa ishara. Anayesumbuliwa na kichefuchefu akae mbele bila mjadala, na hiyo mkubaliane asubuhi kabla hamjaondoka.

Nimetaja karafuu, ngoja niimalize hiyo maana najua humu kuna watu wa Unguja na Pemba. Ile harufu mnayoijua nyie msimu wa mavuno, barabara za Flores zinanukia hivyohivyo, zimeanikwa chini pembeni mwa lami mpaka zinakuwa nyeusi. Na si ajabu, asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku hukohuko Indonesia, Wafaransa ndo walichukua miche wakaipeleka Mauritius karne ya 18, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Zanzibar. Alafu baadae Zanzibar ikawa inawauzia Waindonesia karafuu, kwa sababu wao wanazichanganya kwenye sigara zao za kretek na mahitaji yao ni makubwa mno. Mpemba akisimama pale atajiona yuko kwao, nawaambia kweli.

Ruteng ni mji wa baridi, uko mita kama 1,200 juu ya bahari, mbebe sweta. Kabla hamjafika kuna sehemu inaitwa Cancar, mnapanda kilima kidogo mnaangalia chini mashamba ya mpunga yaliyogawanywa mfano wa utando wa buibui. Wamanggarai, wenyeji wa pale, wanaanzia katikati, kwenye nukta moja, kila familia inapata kipande chembamba pale kati kinachopanuka kadri kinavyoenda nje. Wengi wanapiga picha wanaondoka. Mimi nasema kaeni, muulizeni mwenyeji nani anaamua nani apate kipande gani, hapo mtasikia habari za wazee na koo na ardhi ambazo picha haikupi. Jirani na Ruteng kuna pango la Liang Bua pia, ambako mwaka 2003 walifukua mifupa ya wale watu wa kale wafupi, urefu kama mita moja, Homo floresiensis.

Sasa Wae Rebo. Hapa nitachelewa kidogo, mnisamehe.

Wae Rebo ni kijiji kiko juu milimani, gari haifiki, mnaiacha chini mnapanda kwa miguu msituni masaa mawili matatu kutegemea pumzi zenu. Mkitokeza mnakuta nyumba saba za duara zimechongoka juu, paa la makuti na nyasi linashuka mpaka karibu na ardhi, ndani zina ghorofa tano, ya chini wanaishi watu, inayofuata wanaweka chakula, ya tatu mbegu, ya nne akiba ya mwaka wa njaa, na ile ya juu kabisa ni ya sadaka kwa mababu. Kuna kipindi nyumba zilipungua, zikabaki chache zinaelekea kuanguka, wanakijiji wakasaidiwa wakazijenga upya kwa mikono yao wenyewe, vijana wakajifunza kwa wazee, na mwaka 2012 UNESCO ikawapa tuzo kwa kazi hiyo.

Utaratibu wao ni huu: mgeni hapigi picha wala hazunguki kijijini mpaka aingie kwenye nyumba kuu apokelewe. Mnavua viatu, mnakaa kwenye mkeka, mzee anaongea na mababu kwa lugha yao anawaarifu kwamba hawa wageni wamekuja, na mnatoa kiasi kidogo cha pesa mkononi mwake kama heshima. Baada ya hapo nyie si watalii tena, ni wageni wa nyumba ile, na ndivyo watakavyowachukulia mpaka mnaondoka. Nimeona vikundi vinaingia vinanung'unika kwamba wamechoka wanataka kupiga picha jua lisizame, na hilo linaniuma sana, kwa sababu watu wetu wa pwani na wa bara wote tunajua kabisa mgeni hapiti kwenye ua wa mtu bila hodi. Mtu aliyelelewa huku hahitaji kufundishwa hilo. Usiku mnalala wote nyumba moja, magodoro yamepangwa duara, kahawa ni ya mashambani kwao, na asubuhi mnaamshwa na majogoo na ukungu mtupu nje.

Mkishuka mnaendelea mashariki mpaka Bajawa, na pale kuna kijiji cha Bena chini ya mlima Inerie. Katikati ya uwanja kuna mawe makubwa yaliyosimamishwa, kuna nguzo zenye kofia ya nyasi kama mwavuli ambazo ni za mababu wa kiume, na vijumba vidogo vya mababu wa kike. Kina mama wanafuma barazani, midomo imekolea wekundu wa tambuu. Wakiwakaribisha popoo na tambuu na chokaa pokeeni jamani hata kama hamtafuni, bibi zetu walikuwa wanawakaribisha wageni kwa sinia hilohilo la uraibu. Na nguo mnunue pale kwa aliyeifuma, maana kuitengeneza ni kazi ya wiki nyingi, wanafunga nyuzi kwanza, wanachovya rangi, ndo wanafuma. Ukibishana naye bei mpaka chini kabisa umefanya dhambi.

Ende mtapita tu, ila simameni kwenye mti wa mshelisheli pale mjini. Waholanzi walimhamishia Sukarno Ende kuanzia 1934 mpaka 1938, na Waindonesia wanasema chini ya mshelisheli ndipo alikaa akiwaza misingi ya taifa ambalo baadae aliliongoza. Mtu wa nchi iliyotawaliwa hawezi kupita pale bila kusikia kitu moyoni.

Kutoka hapo mnalala Moni, mnaamka saa kumi alfajiri mnapanda Kelimutu, mlima wenye maziwa matatu kileleni na kila moja rangi yake, na rangi zinabadilika miaka kwa miaka kwa sababu ya gesi na madini yanayotoka chini. Watu wa kabila la Lio, wenyeji wa pale, wanaamini roho za marehemu zinaenda kwenye maziwa yale, wazee lao, vijana lao, na waliokuwa wachawi lao. Kwahiyo mziki wa simu zimeni. Mko makaburini kwa watu.

Mambo ya kujiandaa niseme haraka. Pesa taslimu chukueni kwenye miji, yani Labuan Bajo, Ruteng, Bajawa, Ende, Maumere, vijijini kadi haina kazi. Bafuni ni ndoo na kopo, nyie hilo mnalijua. Nendeni kati ya Mei na Septemba maana masika yao yanaanza Novemba hivi na udongo unaporomoka barabarani mnaweza kukaa nusu siku mnasubiri greda. Upande wa mashariki, kati ya Maumere na Larantuka, kuna volkano ya Lewotobi, Novemba 2024 ililipuka usiku ikaua watu vijijini, na tangu hapo imeendelea kulipuka na kuvuruga safari za ndege, kwahiyo kabla ya kipande kile muulizeni dereva na mamlaka za pale, wakisema hapana ni hapana, mnaishia Maumere. Na dereva mumlipe vizuri, mle naye meza moja, yeye ndo anajua nani kafiwa kijiji gani na wapi leo msisimame.

Haya, nimewachosha, maswali sasa. Naona mkono kule nyuma, karibu dada.