Pima Kranki Kwanza, Beringi Baadaye

NEEMA: Mbukwenyi! Karibuni tena kijiweni kwetu hapa Dodoma. Mimi Neema, na huyu ni fundi Yona, mikono bado ina oili.

YONA: Mbukwa. Nimenawa dada, haitoki tu.

NEEMA: Leo beringi za injini, vile vipande vya nusu duara vinavyokaa kwenye kranki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Msikilizaji wetu wa Kizota anafanya ovaholi ya gari lake dogo. Ana ndugu yake Dar, anauliza amwagize beringi Kariakoo, zipande basi leo leo?

YONA: Kranki imepimwa?

NEEMA: Hajasema. Ila beringi alizotoa zimeandikwa STD mgongoni, yaani saizi ya kiwandani.

YONA: Basi asubiri. Hiyo STD inamwambia fundi aliyepita alifunga nini, haimwambii kranki ikoje leo. Ipelekwe kwa mwenye maikromita. Kila jonali, yaani pale beringi inapokaa, ipimwe, izungushwe robo, ipimwe tena. Vipimo vikipishana kupita kiasi, imekuwa yai. Hapo ni kusaga.

NEEMA: Ndipo tunaingia kwenye 0.25 na 0.50.

YONA: Eeh. Kranki ikipunguzwa milimita 0.25, unachukua beringi ya 0.25, ambayo ni nene zaidi kufidia kilichosagwa. Sasa kuna watu wananunua 0.50 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, halafu wanamwambia mwenye mashine asage kranki ifuate beringi! Chuma kimekwenda bure, na ovaholi ijayo huna pa kusaga. Ila kabla mashine haijawashwa, hakikisha saizi unayotaka inapatikana.

NEEMA: Na kranki ikiwa nzima, STD ni STD?

YONA: Wapi! Chukua Toyota. Injini zake nyingi, hiyo STD yenyewe ina madaraja. Kuna namba zimegongwa kwenye bloku, nyingine kwenye kranki. Unajumlisha, unaangalia jedwali la kitabu cha injini hiyo hiyo, unapata namba ya beringi. Daraja na daraja hupishana elfu chache tu za milimita.

NEEMA: Kwa macho huoni kitu.

YONA: Huoni. Ndiyo maana kuna ule uzi wa plastiki wa kupimia. Unafuta oili kabisa, unalaza kipande juu ya jonali, unafunga kepu, kile kifuniko kinachobana beringi, kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, mpaka kipimo cha kitabu. Usizungushe kranki hata kidogo! Unafungua, uzi umelaliwa, unalinganisha upana wake na karatasi iliyokuja nao. Ukiwa mpana sana, nafasi ni ndogo, beringi itakamata. Ukiwa mwembamba, nafasi ni kubwa, presha ya oili itashuka. Injini nyingi ndogo zinataka nafasi ya kama milimita 0.02 hadi 0.05, ila kitabu ndicho kinachoamua.

NEEMA: Na hili vumbi letu?

YONA: Usitupe beringi za zamani kabla hujazisoma. Ukiona mikwaruzo inayofuata mzunguko, uchafu umepita. Inaweza kuwa oili iliyochelewa kubadilishwa, au mpira wa hewa umepasuka baada ya chujio na vumbi la njiani linaingia moja kwa moja. Hujaziba hapo, hata beringi za bei mbaya zitakufa vilevile.

NEEMA: Feki tunazijuaje?

YONA: Boksi lisikudanganye. Pima unene wa vipande katikati. Vya daraja moja visipishane. Na ncha zikitokeza kidogo juu ya nyumba yake, usipige tupa. Zimetengenezwa hivyo ili kepu izibane zisizunguke.

NEEMA: Na zile washa za nusu mwezi?

YONA: Za thrasti hizo, zinazozuia kranki isicheze mbele na nyuma, wengi wanazisahau. Kabla ya kufunga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, sukuma kranki mbele na nyuma kwa bisibisi, weka saa ya kupimia mwishoni usome inacheza kiasi gani. Ikizidi kipimo cha kitabu, kuna washa nene zaidi. Msikilizaji aziweke kwenye oda hiyo hiyo ya Kariakoo, akishamaliza kupima.