Mwezi Mpevu, Mwezi Mwandamo

Wakubwa wangu, shikamooni. Wanafunzi, karibuni. Walioko nyuma sogeeni mbele, maana upepo huu wa baharini unaninyang'anya sauti.

Nimeombwa nizungumzie namna wasikilizaji wanavyoipima albamu ya mwanamuziki mkongwe. Nimechagua i/o ya Peter Gabriel, Mwingereza aliyezaliwa 1950, akaiacha bendi ya Genesis mwaka 1975, na tangu hapo anatunga na kuimba kwa jina lake mwenyewe. Wapo watakaouliza, ya Mwingereza yanatuhusu nini sisi wa Bagamoyo? Yanatuhusu sana. Zeze na ilimba, ala za muziki za marehemu mzee Hukwe Zawose, aliyefundisha katika chuo chetu cha sanaa, zilirekodiwa na Real World, kampuni ambayo Gabriel ni mwasisi wake. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo ikatoa Maisha, albamu ya Pendo na Leah, binti na mjukuu wa mzee. Tukimjadili Gabriel, basi, tunamjadili mtu ambaye masikio yake yalishafika kwetu.

i/o ilitoka Desemba 1, 2023. Albamu yake iliyotangulia yenye nyimbo mpya za utunzi wake, Up, ilikuwa ya 2002. Miaka 21! Aliyeinunua ile akiwa kijana asiye na mke, hii imemkuta na mtoto chuoni. Kule Uingereza ilishika namba 1, jambo ambalo Gabriel hakulipata tangu So ya 1986. Lakini namba hainiambii watu walisikia nini, kwa hiyo niiache.

Utoaji wake ndio ulioleta mjadala. Tangu Januari 2023 alikuwa akitoa wimbo mmoja kila mwezi unapopevuka. Mwezi ukiandama, anautoa tena wimbo uleule kwa miksi nyingine, yaani sauti na vyombo vilevile vimepangwa upya na fundi mwingine. Miksi moja ni ya fundi Spike Stent, iliyoitwa Upande wa Mwanga. Nyingine ni ya Tchad Blake, Upande wa Giza. Nyimbo 12, kila moja na sura hizo mbili.

Baadhi ya wanafunzi wangu walikasirika. Walisema siku albamu yenyewe ilipotoka hapakuwa na kipya, wameshakula chakula kikiwa bado jikoni. Nawaelewa. Ila jirani yangu mmoja, mvuvi, nilipomsimulia utaratibu huo hakuona ajabu yoyote. Yeye maisha yake yote anahesabu kwa bamvua, yale maji makubwa ya bahari yajayo na mwezi. Aliniambia kitu kikija na mwezi, unakisubiri, na ukikisubiri hukisahau. Mimi nilizisikiliza hivyo, moja moja, na hadi leo kila wimbo naukumbuka na usiku wake.

Sasa miksi. Hapa niliona jambo kwa macho yangu. Niliwapigia darasa Playing for Time, mara mbili, kwenye spika kubwa, bila kuwaambia ipi ni ya nani. Kijana mmoja mpiga ngoma akaichagua ya Blake papo hapo: besi ya Tony Levin, alisema, inamgusa tumboni. Binti mmoja wa kwaya akaikataa, akasema mwimbaji amefunikwa. Akataka ya Stent, ambako kinanda na sauti vina nafasi ya kupumua. Wakabishana robo saa nzima. Nikachomoa waya wa spika, nikaupiga wimbo uleule kwenye simu. Besi ikapotea yote. Yule mpiga ngoma akakaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, hapa nachukua ya yule mwingine." Wimbo haukubadilika, wala yeye hakubadilika. Kilichobadilika ni chombo, na hukumu ikageuka.

Ndiyo maana mtu akiniambia albamu fulani ni mbovu, kwanza namuuliza aliisikilizia wapi.

Kuna na lile la sauti. Gabriel alikuwa na miaka 73 albamu ilipotoka, na nimewasikia wanaosema mzee amechoka, nyimbo zinakwenda pole mno. Kuhusu mwendo nakubali kidogo. Zipo mbili tatu ambazo ningezipunguza dakika nzima. Kuhusu sauti sikubali kabisa. Kuna And Still, wimbo aliomtungia mama yake aliyefariki. Mkwaruzo ule kooni unaosikika pale, kijana wa miaka 30 hawezi kuutoa hata akijaribu, kwa sababu hajazika watu wa kutosha. Nimelia kwa wimbo huo, nasema bila aibu.

Nitaupiga sasa, miksi zote mbili, na sitawaambia ipi inatangulia. Nina ombi moja. Kabla hujaniambia kama umependa, niambie kwanza umesikia nini: chombo gani kiliingia, sauti ilikaa mbele au nyuma, pumzi ilisikika wapi. Mlio karibu na madirisha ya upande wa bahari, yafungeni tafadhali. Na feni pia.