Bibi Titi hakuja TANU peke yake

Asanteni sana. Karibuni hata ninyi mliosimama mlangoni, viti bado vipo huku mbele.

Picha za miaka ya kudai uhuru mnazijua: Nyerere jukwaani, Bibi Titi Mohamed ubavuni mwake. Tumezizoea mno hata tunadhani Mwalimu ndiye aliyemwibua mama yule. Mimi nabisha.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akasoma madarasa manne tu. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Sasa, msomi akisikia ngoma anatabasamu. Asitabasamu! Vikundi vile vya akina mama vilikuwa na viongozi wao, michango yao, na utaratibu wa kufaana katika arusi na misiba. Ndani yake walikutana wanawake wa makabila mbalimbali, lugha yao Kiswahili. Chama cha siasa kingetaka nini zaidi?

Mwaka 1955 alikuja mgeni, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akawauliza wakubwa wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Wakatazamana. Ndipo akatafutwa Titi, na mumewe akaombwa ruhusa kwanza, kama ilivyokuwa desturi. Akakabidhiwa tawi la wanawake. Alifanya nini? Aliwaendea viongozi wa ngoma, kikundi kwa kikundi, nao wakawaleta watu wao. Ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameshakata kadi.

Na hapa kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na TANU, kwa hiyo karani na mwalimu walikuwa na mshahara wa kupoteza. Mama anayejipikia maandazi au pombe akauza mwenyewe, nani angemfukuza kazi? Uhuru wa mfuko wake ulitangulia uhuru wa nchi.

Yaliyofuata baada ya 1961 nitayapitia mbio, maana yanahitaji siku yake. Alipata unaibu waziri. Mwaka 1965 akashindwa ubunge kule Rufiji. Azimio la Arusha la 1967 likawakataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa nazo, akaachia uongozi. Mwaka 1969 akakamatwa kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Nyerere akamsamehe. Alifariki mwaka 2000, Johannesburg, alikokwenda kutibiwa.

Najua wengi mmekuja na swali moja: je, alikuwa na hatia? Kesi ile ina mabishano yake, nami sitaacha imeze jioni nzima kama inavyomeza kila mazungumzo juu yake. Nipeni kwanza maswali ya 1955. Dada yangu pale nyuma, nimeuona mkono wako, karibu.