Dawa ya Kipara Si ya Kunywa kwa Siri

KELVIN: Habari zenu wasikilizaji, karibuni. Mimi ni Kelvin, na niko hapa na dada yangu Mwanaidi, mfamasia. Leo ni dawa za kuzuia upara kwa wanaume na madhara yake. Da Mwanaidi, maswali ya mada hii yamekuja mengi, ila yote kwa ujumbe wa faragha. Hakuna aliyekubali tutaje jina lake.

MWANAIDI: Sishangai, kaka. Mteja wa dawa hii namjua kabla hajafungua mdomo. Anasubiri mama mwenye mtoto amalize aondoke, halafu ananisogezea simu dirishani. Jina la dawa liko kwenye kioo cha simu, hataki kulitamka. Nikimuuliza unatumia dawa gani nyingine, mkeo ana ujauzito, anasema, "Dada, nipe tu." Sasa mimi leo nimekuja kusema jambo moja: dawa hii si ya kunywa kwa siri. Ukiniuliza hatari yake kubwa iko wapi kwa mwanaume wa kwetu, nitakwambia iko kwenye huko kujificha.

KELVIN: Tuitaje basi.

MWANAIDI: Finasteridi. Kidonge cha miligramu 1 kwa siku. Kule Marekani ilianza kuidhinishwa mwaka 1992, kwa miligramu 5, kutibu tezi dume iliyovimba. Mwaka 1997 ikaidhinishwa ile ya miligramu 1 kwa ajili ya upara, ikaitwa Propecia. Dawa ni ileile, tofauti ni kipimo. Nyingine ni minoksidili, ya kupaka, nayo tutaifikia.

KELVIN: Kidonge cha tezi dume kinahusiana nini na nywele?

MWANAIDI: Kuna kisa chake, na nakipenda. Mwaka 1974 daktari mmoja Mmarekani, Julianne Imperato-McGinley, na wenzake walichapisha habari za familia za kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika. Kule kulikuwa na watoto waliozaliwa wakaonekana wasichana, wakalelewa hivyo, kisha walipobalehe miili yao ikawa ya kiume. Walipochunguzwa ikaonekana wamepungukiwa na kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni nyingine kali zaidi, inaitwa DHT. Na wakiwa watu wazima, tezi dume zao zilibaki ndogo na hawakupata upara.

KELVIN: Kwa hiyo watengenezaji dawa wakaona njia.

MWANAIDI: Ndiyo. Ukikizuia kile kimeng'enya, DHT inashuka. Finasteridi inaishusha kwenye damu kwa karibu asilimia 70. Mwenye upara wa kurithi, DHT ndiyo inayodumaza mashina ya nywele za utosini na za kwenye paji, unywele unazidi kuwa mwembamba mpaka hauonekani. Na inafanya kazi, tusiwadanganye watu. Kwenye majaribio yake makubwa, baada ya miaka 2, asilimia 83 ya waliomeza dawa hawakupungukiwa na idadi ya nywele utosini. Waliomeza kidonge kisicho na dawa ndani, waliobaki na nywele zao ni asilimia 28.

KELVIN: Hiyo ni tofauti kubwa.

MWANAIDI: Kubwa sana. Lakini sikiliza neno nililotumia: hawakupungukiwa. Mtu mwenye kipara cha miaka 20 asitegemee nywele za ujana. Na ukiacha dawa, ndani ya mwaka faida yote inaondoka. Kwa hiyo anayeanza anaamua jambo la miaka. Ndiyo maana lazima madhara yapimwe vizuri.

KELVIN: Haya, tuingie humo. Nguvu za kiume.

MWANAIDI: Tuseme wazi maana wasikilizaji ni watu wazima. Hamu ya tendo la ndoa kupungua, uume kutosimama vizuri, manii kupungua. Kwenye majaribio hayo, katika mwaka wa kwanza, waliopata moja au zaidi ya hayo ni asilimia 3.8 kwa waliomeza dawa, na asilimia 2.1 kwa waliomeza kidonge kitupu. Weka wanaume 1,000 upande huu na 1,000 upande ule: 38 na 21. Tofauti ni watu 17.

KELVIN: Anayenisikiliza atasema 17 katika 1,000 ni wachache.

MWANAIDI: Ni wachache, na wengi wao hali iliwarudia. Lakini kuna upande ambao hesabu hizo hazikuuonyesha. Baada ya dawa kutumika na mamilioni ya watu, zikaanza kuja taarifa za wanaume waliosema wameacha dawa na tatizo halijaondoka, miezi, wengine miaka. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaagiza jambo hilo liandikwe kwenye karatasi ya dawa. Hao ni wangapi kati ya watumiaji wote, hakuna hesabu ya kuaminika. Sasa daktari mwingine atakwambia ni nadra, usiogope. Mimi namwambia mteja: ni nadra, na ni jambo unalopaswa kulijua kabla, kwa sababu likikupata wewe halitakuwa nadra tena.

KELVIN: Kuna msikilizaji ameandika kwamba mambo haya ni ya kichwani tu, mtu akiambiwa anaanza kujisikia.

MWANAIDI: Ana hoja, nisimpuuze. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walichapisha utafiti wa wagonjwa wa tezi dume waliopewa finasteridi ya miligramu 5. Kundi moja liliambiwa dawa inaweza kuleta matatizo ya kitandani, lingine halikuambiwa. Walioambiwa, asilimia 43.6 walilalamika. Wasioambiwa, asilimia 15.3.

KELVIN: Mara tatu, karibu.

MWANAIDI: Karibu. Kwa hiyo hofu ina nguvu yake. Lakini kuna watu wanauchukua utafiti huo wakasema basi tusiwaambie wanaume. Hapo nakataa kabisa. Kwanza, hata hao wasioambiwa, 15 katika 100 walilalamika. Pili, mwanaume ambaye hakuambiwa, tatizo likimjia, atalaumu nini? Atasema mke wangu kanichosha, atasema nimelogwa, ataenda kununua dawa ya nguvu za kiume juu ya ile ya nywele. Nimeona mtu akinunua zote mbili siku moja kwenye dirisha langu na hajui kwamba huenda moja ndiyo inamtafutia nyingine. Na mkewe yuko nyumbani anadhani kuna mwanamke mwingine. Ndoa inaingia doa kwa sababu ya kidonge ambacho mke hajui kama kipo.

KELVIN: Ndipo siri inapouma.

MWANAIDI: Na siyo hapo tu. Vile vidonge vya miligramu 5 vya tezi dume, watu wanavinunua wakavikata vipande vinne kwa wembe ili wabane matumizi. Anakatia mezani jikoni, ule unga mweupe unabaki pale. Mkewe mjamzito anakuja kufuta meza kwa mkono. Dawa hii inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Kidonge kizima kimefunikwa, kukigusa si tatizo. Kilichovunjika au kusagika, mjamzito asikiguse kabisa. Sasa atajihadhari vipi na kitu asichoambiwa?

KELVIN: Hilo sikulijua, na nadhani wengi hawalijui.

MWANAIDI: Kuna na la tezi dume lenyewe. Wanaume wa miaka 50 kwenda juu wanapimwa damu, kile kipimo cha PSA, protini ya tezi dume ambayo ikipanda inaweza kuashiria saratani. Finasteridi inashusha PSA kwa karibu nusu, hata ile ndogo ya nywele. Majibu yanatoka mazuri kumbe si mazuri. Daktari akijua unaitumia atayasoma kwa kuzidisha mara mbili. Asipojua, saratani inaweza kupita mbele ya macho yake. Watu wetu wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa tayari, halafu tuongeze na hili?

KELVIN: Tugeukie akili na hisia. Kuna habari ya mwaka 2025 kutoka Ulaya iliyowashtua watu.

MWANAIDI: Mei 2025. Kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya, EMA, ilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni dhara linaloweza kuletwa na finasteridi. Taarifa nyingi zilitoka kwa wanaotumia miligramu 1 ya nywele. Haikusema dawa iondolewe sokoni. Ilisema faida bado inazidi hatari kwa matumizi yaliyoidhinishwa, ila pakiti ya miligramu 1 iwe na kadi ya tahadhari kwa mgonjwa. Marekani nao walishaliandika jambo la mawazo ya kujiua mwaka 2022, na Uingereza ilitoa kadi yake mwaka 2024. Mimi naliweka hili juu ya yote tuliyoyataja. Nguvu zikipungua mtu anajua zimepungua. Huzuni inaingia polepole, mwenyewe anadhani ni maisha magumu. Anayeiona mapema ni mtu wa nyumbani, na huyo anahitaji kujua kwamba kuna dawa ya kuitilia shaka.

KELVIN: Wengine wanasema basi wataitumia ya kupaka, haiingii mwilini.

MWANAIDI: Inaingia. Kwenye damu inaingia kidogo kuliko kidonge, lakini inaingia. Aprili 2025 FDA ilitoa onyo kuhusu finasteridi ya kupaka inayochanganywa na maduka ya dawa na kuuzwa mtandaoni. Walikuwa wamepokea taarifa 32 za madhara, yakiwemo haya haya ya huzuni na ya kitandani.

KELVIN: Minoksidili sasa. Hiyo vijana wa mjini wanaipaka kwenye ndevu.

MWANAIDI: Imejaa mitandaoni, na wengi hawajui ilianza kama dawa ya presha. Wagonjwa wa presha walipoimeza wakaota nywele mwili mzima, ndipo ikatengenezwa ya kupaka kichwani. Ya ndevu haijaidhinishwa, watu wanajifanyia. Haigusi homoni, kwa hiyo yale ya kitandani hayahusiani nayo sana. Yake ni ngozi kuwasha na kubanduka, na wiki za mwanzo nywele kunyonyoka zaidi, mtu akatupa chupa kwa hofu. Ukisikia moyo unadunda ovyo, kizunguzungu, miguu imevimba, acha uende hospitali. Na nani anamlaza mtoto mchanga kifuani au shavuni? Hispania waliripoti watoto wachanga walioota nywele mwilini kwa sababu mzazi alipaka minoksidili na mtoto akagusana na ngozi ile. Nywele zilipungua baada ya kugundua na kuacha. Wenye paka nyumbani pia: hata tone dogo ni sumu kwa paka.

KELVIN: Na kila anayenyonyoka nywele anahitaji dawa hizi?

MWANAIDI: Hapana. Mapunye ni fangasi, vipele vya kisogoni baada ya kunyoa ni tatizo jingine, nywele kutoka kwa viraka vya duara ni jingine. Finasteridi haitibu hata kimoja. Aonwe kwanza na daktari wa ngozi. Na anayetafuta mtoto aseme pia, maana kwa baadhi ya wanaume ubora wa mbegu hushuka, na huwa unapanda wakiacha.

KELVIN: Wewe, kaka yako akikuuliza, unamshauri nini?

MWANAIDI: Namuuliza kipara kinamuumiza kiasi gani. Kwa dhati kabisa. Kuna mtu wa miaka 22 anayeshindwa kutoka nje bila kofia, huyo ana mzigo wa kweli na dawa inaweza kumsaidia. Kuna mwingine hakijamsumbua hata kidogo, ila kaona tangazo. Huyo wa pili sioni kwa nini abebe hata hatari ya watu 17 katika 1,000. Na mwenye historia ya sonona, namwambia asianze mpaka azungumze na daktari anayemtibu.

KELVIN: La mwisho, limekuja usiku wa jana. Kijana anasema ameanza vidonge miezi michache iliyopita, hapati usingizi, anajisikia hana thamani, hajamwambia mtu. Anauliza apunguze dozi au aendelee kidogo aone.

MWANAIDI: Mdogo wangu, usipunguze, acha leo. Kuiacha ghafla hakuna hatari, utakachopoteza ni nywele tu. Halafu leo hiihii mwambie mtu mmoja unayemwamini, mwende pamoja kwa daktari, na pakiti yenyewe uende nayo ili aione. Kama yanakujia mawazo ya kujidhuru, usibaki peke yako usiku huu, nenda hospitali yoyote iliyo karibu, dirisha la dharura, useme hivyo hivyo ulivyotuandikia. Na kama hali haitatulia baada ya kuacha, rudi tena kwa daktari, usikae ukingoja.

KELVIN: Na utuandikie tena, tafadhali. Namba ni ileile uliyotumia.