Saa Iliyosimama Entebbe: Mhadhara Baada ya Filamu

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kubaki baada ya taa kuwashwa, maana wengi hudhani filamu ikishakwisha na mazungumzo yamekwisha.

Tumetoka kutazama filamu ya mwaka 2018 kuhusu uokoaji wa mateka Entebbe, ile iliyoongozwa na José Padilha, Mbrazili. Uwanja ule wa ndege uko kando ya ziwa hili hili. Ukikata maji kutoka hapa Mwanza kuelekea kaskazini, hazifiki kilomita 300. Nimeombwa nieleze nini kilitokea na filamu imekichukuliaje. Nitaeleza. Ila neno langu hasa ni moja: hadithi hii, kila inapoigizwa, huifanya dakika ya ndege kupaa kuwa ndiyo tamati. Kwa sisi wa mwambao huu, dakika ile ilikuwa mwanzo wa miaka mitatu migumu.

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France, safari namba 139, iliondoka Tel Aviv kwenda Paris, ikatua Athens kuchukua abiria. Ilipopaa tena ikatekwa. Watekaji walikuwa wanne: Wapalestina wawili na Wajerumani wawili, Wilfried Böse na Brigitte Kuhlmann. Ikatua Benghazi, kisha siku iliyofuata ikashuka Entebbe ikiwa na watu wapatao 250. Walitaka wafungwa 53 waachiliwe, 40 kati yao wakiwa Israel na wengine katika nchi nyingine, Kenya ikiwamo. Shikeni hilo la Kenya, tutalirudia.

Rais wa Uganda, Idi Amin, aliwapokea watekaji, askari wake wakalinda jengo la zamani la abiria. Ndani ya jengo hilo Waisraeli walitengwa na wenzao. Abiria 148 waliachiliwa kwa mafungu mawili. Rubani, Michel Bacos, naye angeweza kuondoka. Alisema abiria wote ni dhamana yake, akabaki, na wafanyakazi wake wote wakabaki naye. Nimeitazama hadithi hii katika filamu mbalimbali, na kila mara moyo wangu unasimama kwa mtu huyo asiyeshika bunduki. Natamani mwongozaji angempa nafasi kubwa zaidi.

Muda wa mwisho uliowekwa ulikuwa tarehe 1 Julai. Serikali ya Israel ilikubali kuzungumza, na watekaji wakasogeza muda hadi tarehe 4. Amin alikuwa na safari ya Mauritius, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kukabidhi uenyekiti. Siku hizo tatu ndizo zilizowapa Waisraeli nafasi ya kupanga uokoaji.

Hapa wavuvi mtanisikiliza kwa makini. Mpango mmoja wa mwanzo ulikuwa kuwadondosha makomandoo wa majini ndani ya Ziwa Viktoria, wapande boti za mpira hadi kwenye uwanja. Waliuacha, na katika mambo yaliyowatia wasiwasi walikuwamo mamba. Mtu wa Ukerewe au wa Kome angewaambia hivyo bila kufungua ramani. Wakachagua ndege nne za mizigo aina ya Hercules, safari ya zaidi ya kilomita 4,000, usiku. Kampuni ya ujenzi ya Israel ilikuwa imewahi kufanya kazi Entebbe, na mateka walioachiliwa walihojiwa Paris, kwa hiyo walijua mateka wamelazwa wapi na walinzi wanasimama wapi.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai ndege ya kwanza ikatua. Ikatoka Mercedes nyeusi ikifuatwa na Land Rover mbili, ili walinzi wadhani ni msafara wa Rais. Njiani wakakutana na askari wawili wa Uganda waliokuwa lindoni. Mmoja akainua bunduki.

Naomba tusimame hapa, maana mkutano huu mzima ningeweza kuutumia kwa askari yule. Muki Betser, mmoja wa makamanda waliokuwa ndani ya gari, aliwahi kufanya kazi Uganda akifundisha askari wa huko. Baadaye ameeleza kwamba kuinua bunduki namna ile ilikuwa ndiyo kawaida ya lindo lao, na kwamba hapakuwa na haja ya kumpiga. Kiongozi wao, Yonatan Netanyahu, aliamua vingine. Wakampiga kwa bastola zenye kizuia sauti, kisha zikalia bunduki zenye sauti, na ile siri waliyoibeba kutoka mbali ikavuja kabla hawajafika mlangoni. Netanyahu mwenyewe aliuawa nje ya jengo. Mateka watatu walikufa katika mapambano, mmoja wao kijana wa miaka 19 aliyedhaniwa kuwa mtekaji. Watu 102 walirudi kwao. Askari wa Uganda waliokufa wanatajwa kufika 45.

Nafurahi kwa wale 102, nasema hivyo waziwazi. Kumteka mama na mtoto wake ili kudai haki yako ni dhuluma, hata kama dai lenyewe lina uzito. Lakini yule wa lindo alikuwa mtoto wa mtu, labda wa Masaka, labda wa Arua. Aliambiwa simama hapa, akasimama. Katika filamu tuliyoiona yeye ni kivuli kinachoanguka. Wajerumani wawili wamepewa mashaka, machozi na kumbukumbu. Rosamund Pike na Daniel Brühl wamewaigiza kwa ustadi mkubwa. Rabin, waziri mkuu wa Israel, na Peres, waziri wake wa ulinzi, wamepewa mabishano marefu, na kwangu hizo ndizo sehemu bora, maana zinaonyesha jinsi uamuzi unavyowatafuna wenye kuutoa. Mwafrika mwenye maneno ni Amin peke yake.

Tabia hiyo haikuanza 2018. Filamu ya kwanza ilionyeshwa kwenye televisheni Marekani Desemba 1976, miezi mitano tu baada ya tukio. Ya pili ikafuata Januari 1977, Yaphet Kotto akiwa Amin. Israel ikatoa yake mwaka huo huo, kwa msaada wa jeshi lake. Amin alikuwa bado madarakani, hakuna ambaye angepeleka kamera Entebbe, na damu ilikuwa bado mbichi. Walihitaji steringi, na steringi kama mnavyojua kwenye vibanda vyetu vya video hahesabu anaowaangusha. Naelewa haraka yao. Nisichoelewa ni kwa nini baada ya miaka 40 hesabu haijabadilika.

Sasa tuje kwenye kilichofuata ndege ilipopaa.

Dora Bloch, bibi wa miaka 75 na mmoja wa mateka, alikuwa amepaliwa na chakula akapelekwa Hospitali ya Mulago. Makomandoo walipofika Entebbe yeye alikuwa kitandani Kampala. Aliuawa na watu wa Amin. Alikuwa na uraia wa Uingereza pia, na kabla ya mwezi kwisha Uingereza ikavunja uhusiano na Uganda.

Kenya nilisema tutairudia. Ndege zilipotoka Entebbe zilitua Nairobi, zikajaza mafuta na majeruhi wakatibiwa. Amin akalipiza kwa Wakenya waliokuwa Uganda. Waliouawa wanatajwa kuwa mamia, na maelfu wakakimbia. Hao walikuwa makarani, wafanyabiashara, watu wa uwanja wa ndege, watu wa ziwa hili kama sisi. Hawakuteka wala kuokoa mtu yeyote.

Makomandoo waliharibu pia ndege za kivita za Uganda aina ya MiG zilizoegeshwa pale, zaidi ya kumi. Jeshi la Amin likabaki limeaibika, lakini halikuwa limekwisha. Oktoba 1978 likavuka mpaka na kuteka eneo letu la Kagera, nasi tukaingia vitani. Wazee mliopo hapa hamhitaji nisimulie. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ililenga Mwanza hii. Mabomu yakaangukia Saanane na kuua swala. Vijana mnaokwenda kule Jumapili kupiga picha juu ya mawe, mjue kisiwa hicho kimepigwa mabomu.

Na Aprili 1979 JWTZ, jeshi letu la Tanzania, likaingia Entebbe. Uwanja ule ule. Hercules ya Libya iliyojaribu kupaa ikapigwa na askari wetu kwa roketi ya begani. Siku chache baadaye Kampala ikaanguka, na ni baada ya hapo tu ndipo mabaki ya Dora Bloch yalipopatikana, nje ya mji, na familia yake ikaweza kumzika. Kwa hiyo mateka wa mwisho wa Entebbe alirudi kwao kwa sababu askari kutoka nchi hii walitembea kwa miguu kutoka Kagera. Sijaona filamu hata moja ya ng'ambo ikiliweka hilo mbele ya watazamaji.

Sisi tulitengeneza filamu moja ya kumbukumbu, Vita vya Kagera, mwaka 1980. Ni kazi ya thamani, lakini ni ya jeshi na ya taifa. Bado hatuna filamu ya kuigiza inayomfuata yule askari wa lindo tangu asubuhi anapovaa sare, wala ya karani wa Kenya anayefunga mizigo Kampala, wala ya Mwanza siku ndege ile ilipopita. Vijana wenye kamera mko hapa, nawaona. Fedha za kukodi Hercules hamna, wala hamzihitaji. Mnahitaji kuwahi, kwa sababu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa amepita 60.

Naishia hapa. Kabla ya maswali, naomba kipaza sauti kiende kwanza kwa wazee waliokuwa Mwanza siku ile ya mabomu, kuanzia mzee aliyeketi pale karibu na mlango. Vijana, washeni simu zenu mrekodi.