Kilomita Moja Shilingi Mia Tano

Habarini za jioni jamani, asanteni kwa kuja na hii mvua yote. Nimeambiwa niongee dakika kumi hivi kuhusu vile nilikimbia Lewa, ile hifadhi ya wanyama, marathon nzima, kilomita 42, mtu ambaye kabla ya hapo mbio zangu ndefu zilikuwa za kufukuza matatu pale stage (kicheko). Lakini naomba nianze na pesa, juu kusema ukweli, kukimbia kulinishinda kidogo, kuomba kulinishinda kabisa.

Kwa wale hawajui, hizi mbio zilianza mwaka wa 2000, na si za barabarani, mnakimbia ndani ya hifadhi yenyewe, huko karibu na Isiolo, mwezi wa sita mwishoni. Pesa inaenda kwa ulinzi wa wanyama, na nyingine inaenda kwa shule, maji na zahanati za watu wanaoishi karibu. Basi nikajisajili, nikaandika kwa grupu ya familia: naombeni mchango wa vifaru. Kimya siku mbili. Ya tatu mjomba akatuma voice note: "Mimi hapa niko na ng'ombe wawili, sijawahi ona mtu akiwakimbilia."

Mnacheka, lakini hebu mjibu kama mnaweza. Mimi nilimjibu na hesabu, nikamwambia mjomba, Kenya ilikuwa na vifaru weusi kama 20,000 miaka ya sabini ikianza, kufika mwisho wa themanini walikuwa chini ya 400, wameuliwa kwa sababu ya pembe, na hiyo pembe ni kitu kile kile kucha zako zimetengenezwa nacho. Nikadhani hapo sasa wataguswa. Wapi! Mjomba akanijibu na emoji ya kidole gumba.

Aliyeniokoa ni dadangu. Akaniuliza, kwani unauza nini? Nikasema siuzi, naomba. Akasema hapo ndio shida, uza kilomita. Kilomita moja mia tano, ukinunua ni yako, nikifika hapo najirekodi nikitaja jina lako, nakutumia jioni network ikipatikana. Wacha watu wapigane! Ya 21 na ya 42 ziliisha saa hiyo hiyo, shangazi akachukua ya kwanza ndio anisikie nikiwa bado na pumzi, na mjomba akabaki na ya 37 juu hakuna mtu alikuwa anaitaka. Akaomba discount. Nikakataa.

Mazoezi sitaongea sana, ni msitu wa Karura pale Nairobi kila Jumamosi, kucha mbili za mguu zimekufa, na vaselini, jamani, pakeni vaselini kila mahali mnapofikiria na mahali hamfikirii.

Siku yenyewe sasa. Helikopta iko juu inafukuza wanyama watoke njiani, maaskari wa hifadhi wako na bunduki vichakani, unaona mmoja amesimama peke yake akikuangalia na huyo ndiye analala nje usiku kucha akichunga kifaru, mimi hapo ndio nilielewa pesa ya mchango inalipa nini, sio picha ya twiga. Mko kama mita 1,700 juu ya bahari, jua kali, vumbi, milima. Na hakuna mtu alikuwa ameniambia vizuri kwamba njia ni mzunguko wa kilomita 21, wa nusu wanaumaliza wanaenda kunywa soda, wewe wa full unapita hapo hapo karibu na soda unaanza tena upya. Watu wote wameisha. Unasikia viatu vyako tu.

Ya 33 mafuta yakaisha. Nikaanza kutembea, na ningekaa chini, naapa, lakini ningemwambia nini mjomba? Kwamba kilomita yake sikuifikia? Mia tano yake iko kwangu! Nikatembea, nikakimbia kidogo, nikatembea, hadi nikaona kibao cha 36, hapo ndio yake inaanza, nikatoa simu. Ile rekodi bado anayo, anachezea watu kwa matanga. Ni mimi nalia tu, jina lake halisikiki hata.

Nilimaliza. Muda msiniulize. Zote 42 zililipwa, 21,000, na baada ya ile rekodi mjomba akaongeza elfu moja bila kuulizwa.

Ila kuna kitu nilisahau kuuza. Marathon si 42 kamili, iko na mita 195 juu yake, hiyo ilitoka London mwaka wa 1908, walianzia Windsor Castle wakaishia mbele ya jukwaa la kifalme, na sisi wengine tunaumia hadi leo. Hizo mita 195 hazina mwenyewe. Mama pale nyuma umeinua mkono, ni swali ama unanunua?